Maneno ya Unga Juu ya Boriti

Kishmand, Gojal
11 Machi 1997

Mwanangu Mehrangiz,

Ya Ali Madad. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Karachi, na kwamba joto halijakuondolea hamu ya kula. Rambirambi yako ilinifikia mwezi wa kumi na mbili. Sultan Rabi dereva aliileta kifuani, ndani ya koti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Uliianza kwa "Mama Nigah". Hapa kijijini watu wameacha kuniita hivyo, nadhani wanaona haya. Siku hizi mimi ni Bibi Zaiba tu, kama nilivyokuwa kabla sijazaa. Wewe endelea kuniita vilevile.

Nina jambo la kukuomba. Niwie radhi nikianzia mbali.

Unakumbuka mwaka jana Nigah alipojiandikisha kufanya mtihani wa historia akiwa nyumbani. Kitabu chake kilikuwa cha Kiurdu kigumu, maneno ya enzi za kale na enzi za kati, kila neno na maelezo yake. Akasema kwa Kiurdu hayamwingii. Basi akawa anakoroga unga na maji kikombeni, anapanda juu ya jukwaa la kulalia, na kuandika kwa kidole kwenye masizi ya boriti. Neno, kisha maana yake kwa lugha yetu, kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nakanda mkate, yeye ananiuliza kutoka juu. "Mama, himaya ni nini?" Nasema sijui. "Si nilikwambia jana!" Nami namwambia jana ilikuwa kwenye nguzo ya mlango, leo umehamia dirisha la paa, nitakufuata mpaka wapi?

Siku moja aliniuliza kama watu wa Enzi za Kati walijua kuwa wako katikati. Nikamwambia hakuna ajuaye, kila mtu hudhani yuko mwishoni. Akacheka, akaandika kitu kwenye nguzo iliyo karibu na jiko. Sikukisoma. Mkate ulikuwa unaungua.

Wewe ulipokuja likizo mwezi wa saba boriti zilikuwa zimejaa, na mlikaa chini yake mkinywa chai ya chumvi mkisomeana kwa sauti. Kufikia mwezi wa kumi moshi ulikuwa umeyala mengi. Yalibaki machache. Tulipomzika niliacha kuwasha jiko la ndani, ili moshi usiyamalize na hayo. Majira yote ya baridi nimepikia zizini, pamoja na mbuzi.

Utaniuliza kwa nini sikuyasoma. Sikuweza, mwanangu. Nilikuwa nikipita chini yake nimeinamisha kichwa. Nilijiambia nitayasoma siku nitakapokuwa na nguvu, moja leo, moja wiki ijayo, niyale polepole. Nilidhani yapo, hayaendi popote.

Siku ya kutoa masizi ilipofika, sikuwa na mpango wa kusafisha. Nikasikia mlango. Wanawake wa mtaani wote, mama yako Sanam mbele, na fagio lake la mti mrefu. Unajua desturi, nyumba yenye msiba haiachwi iingie mwaka mpya wa Machi na giza lake. Mama yako akasema, "Zaiba, inuka. Leo nyumba yako tunaisafisha sisi."

Nikasema, "Sanam, boriti ziache."

"Boriti ndizo zenye masizi! Nikiziacha nitakuwa nimesafisha nini, miguu yako?"

Wote wakacheka, na mimi nilikuwa sijasikia kicheko humu ndani tangu siku ile. Wakanishika mikono, wakanikalisha juani, wakanipa chai. Nilidhani wamenielewa. Niliporudi ndani boriti zilikuwa zinang'aa, na juu yake wamechora kwa unga mpya pembe za mbuzi na masuke ya ngano, kama kila mwaka. Mama yako hajui kusoma. Aliona unga juu ya boriti, akadhani ni michoro ya mwaka uliopita, na ya mwaka uliopita hufutwa.

Walikuwa wamesimama mstari, nyuso nyeusi kwa masizi, wanangoja niwabariki. Nikawabariki.

Mehrangiz, ni wewe peke yako uliyeyasoma. Niandikie unayoyakumbuka. Hata kama si yote. Nataka kujua mwanangu alisema nini kuhusu mambo hayo.

Mama Nigah


Karachi
2 Aprili 1997

Mpendwa Mama Nigah,

Ya Ali Madad. Barua yako nimeipata. Niliisomea kwenye ngazi za bweni kwa sababu chumbani tuko wanne, na nikachelewa zamu ya wodini.

Usiwe na wasiwasi. Nayakumbuka karibu yote. Nipe muda kidogo niyapange, maana tuna mitihani ya uuguzi na kichwa changu kimejaa mifupa. Nitayaandika vizuri, moja moja.

Mama yangu hakujua alichokuwa anafanya. Namwandikia leo hii.

Mwanao,
Mehrangiz


Kishmand
19 Aprili 1997

Mehrangiz wewe,

Barua yako nimesomewa na Didar wa zahanati, na haya ninayosema anayaandika yeye, kwa hiyo matusi nimeyapunguza.

Unaniuliza, "Mama, ulikuwa unawaza nini?" Nilikuwa nawaza nyumba isiyotoa moshi. Miezi minne! Kila asubuhi natoka, naangalia paa la Zaiba, hakuna kitu. Anapika zizini kama mchungaji aliyefukuzwa. Watu wakaanza kunong'ona amepotewa na akili. Nikasema hapana, ni masizi ya msiba, tukamtolee. Nikawakusanya wanawake mimi. Nikapanda mimi, na goti langu hili. Nikaona unga, nikafuta, kama atakavyofuta yeyote aliyefundishwa kazi na mama yake. Kama angesema "Sanam, yale ni maneno ya mtoto", ningekata mkono huu kwanza. Alisema "boriti ziache", na mimi nikadhani ni ile adabu ya mtu kusema msijisumbue.

Sasa hanisemeshi. Salamu anaitikia, na hilo ndilo baya, anaitikia kwa upole kama mimi ni mgeni niliyeshuka kwenye basi. Kwenye zamu ya maji ananipisha. Miaka ishirini tumegombania mfereji ule, tumerushiana matope, aliwahi kuniita chura mbele ya shemeji zangu. Leo nafika na koleo langu, anasogea pembeni, "Tangulia, Sanam." Nimelia, naapa. Didar hataki kuandika kwamba nimelia kwa sauti, lakini nimelia kwa sauti.

Unasema hukumbuki hata moja, kwamba mwezi wa saba mlikuwa mnacheka tu na kula aprikoti. Vizuri. Basi mtungie. Wewe msomi, maneno yale si yapo vitabuni? Yachukue, yafanye kama ya Nigah, mpelekee yule mama apate kulala. Nani atajua? Didar anasema si sawa. Nimemwambia yeye ni wa kuchoma sindano, aandike tu.

Kula. Usilale na dirisha wazi.

Mama yako, Sanam
(na mwandishi, Didar, anakusalimu)


Karachi
30 Aprili 1997

Mpendwa Mama Nigah,

Nimekaa Ijumaa yote nikiyakumbuka, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwenye boriti ya mlango aliandika Ustaarabu, na chini yake: watu wanapoacha kuhama na kuanza kuoka mkate mahali pamoja. Iliyofuata ilikuwa Himaya. Alisema ni nyumba kubwa kiasi kwamba mwenyewe hajawahi kuingia vyumba vyake vyote. Nasaba ya kifalme, hiyo ilikuwa karibu na dirisha la paa: ufalme unaopita kutoka baba kwenda mwana kama koti, hata likiwa kubwa kwa anayelivaa. Dola ya mji ni mji uliojifungia lango na kujiita nchi. Akiolojia ni kuuliza maswali kwa vyungu kwa sababu wapishi wamekufa.

Kulikuwa na Chanzo cha kwanza na Chanzo cha pili, pamoja, kwenye boriti ndefu. Unajua katika historia wanatenganisha ushahidi wa aliyekuwepo na ushahidi wa aliyesimuliwa. Nigah aliandika: chanzo cha kwanza ni neno la aliyekuwepo, na chanzo cha pili ni neno la aliyempenda aliyekuwepo.

Na kwenye nguzo iliyo karibu na jiko, Enzi za Kati: wakati ambao watu wake hawakujua kuwa wako katikati, kila mmoja alidhani yuko mwishoni.

Yapo mengine ambayo bado hayajanijia. Yakija nitakuandikia.

Nakuomba, Mama Nigah, ukipata nafasi usimwache mama yangu. Anaumia, ingawa anaumia kwa kelele.

Mwanao,
Mehrangiz


Kishmand
14 Juni 1997

Mwanangu Mehrangiz,

Barua yako ililetwa siku ya kufungulia maji mashamba ya juu, kwa hiyo ilinibidi niiweke mfukoni mpaka jioni, nami nikafurahi kuwa na kitu mfukoni. Nilisubiri siku ya kuoka. Nikakoroga unga kwenye kikombe chake, kile chenye sikio lililovunjika, nikapanda jukwaani. Sikujua kama jukwaa lile liko juu namna hiyo. Nilimwona kila siku akipanda kama mbuzi.

Nikaandika ulivyoniambia. Ustaarabu, kwenye boriti ya mlango. Himaya. Lile la koti. Mti ulikuwa umesafishwa, unga haukushika vizuri, lakini nikaendelea. Nilipofika kwenye nguzo ya jiko, kwenye Enzi za Kati, nikabaki na kidole hewani.

Mwanangu, yale ni maneno yangu. Nilikuandikia mimi, mwezi wa tatu. Umeyachukua, umeyaosha, umeyanyoosha, umenirudishia. Nikashuka, nikaitafuta barua yako, nikasoma tena. Mkate upo, na nyumba yenye vyumba ipo, na wapishi waliokufa. Nikaona ni mtu aliyekaa akinifikiria mimi. Hakuwa Nigah.

Lile la vyanzo ni zuri kuliko yote. Nimelisoma mara nyingi. Lakini Nigah hakuwa akisema "aliyempenda". Angesema mbuzi. Huyu mtoto kila kitu kwake kilikuwa mbuzi. Kuna jioni alinieleza habari ya wale watu wa zamani waliokuwa mali ya shamba, bwana akiuza shamba na wao wameuzwa, nami sikuelewa, akasema, "Mama, ni mbuzi anayeuzwa pamoja na zizi." Hilo nalikumbuka kwa sababu mbuzi wetu mweupe alikuwa amelala mlangoni, akainua kichwa, tukacheka. Hilo moja tu ndilo nililonalo.

Sijakasirika. Usije ukadhani nimekasirika, nakuandikia haya na chai iko karibu yangu. Najua ni nani aliyekutuma, na najua kwa nini, na ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekuombea dua vilevile. Nimeyafuta kwa kitambaa, polepole, nikianzia lile la nguzo.

Usiniandikie mengine. Lakini kama liko moja unalolikumbuka kweli, au hata nusu ya moja, au hata sura yake alipokuwa akiliandika, niletee hilo. Na kama halipo, niandikie tu habari za joto la Karachi, nitazisoma.

Mbuzi mweupe amezaa. Mapacha, mmoja hakuishi.

Mama Nigah


Kishmand
2 Septemba 1997

Mehrangiz,

Barua zako kwangu zinafika, kwa Zaiba hazifiki. Anamuuliza Sultan Rabi kila basi likipita. Hamuulizi kwa maneno. Anakuja tu barabarani na kikapu kitupu, anasimama, basi likiondoka anarudi na kikapu kitupu. Jana nilimwambia, "Dada, unakwenda kununua upepo?" Akasema, "Upepo hauuzwi, Sanam, upo wa bure." Ndilo neno refu aliloniambia tangu masizi.

Wewe umefanya nini tena? Nilisema tunga, sikusema tunga vibaya. Mwandikie.

Mama yako
(Didar yuko safarini, ameandika mke wake)


Karachi
21 Oktoba 1997

Mpendwa Mama Nigah,

Barua yako ya mwezi wa sita iko chini ya mto wangu tangu ilipofika. Kila nilipokaa kujibu niliishia kuandika tarehe.

Leo ni mwaka tangu atutoke. Najua mmesoma dua jamatkhana, nami nimesoma hapa.

Wiki iliyopita tulifundishwa kidole tumbo. Mwalimu alichora tumbo ubaoni, akaeleza maumivu yanavyoanzia kitovuni na kushukia kulia, akasema mgonjwa akifika hospitali mapema ni upasuaji mdogo. Kwenye daftari maelezo yake hayazidi mistari miwili. Nikawaona mmembeba Nigah kitandani mpaka pale milima ilipoangukia barabara, na gari liko ng'ambo ya mawe. Mwalimu akaniuliza, "Wewe wa milimani, umeelewa?" Nikasema nimeelewa.

Uliniomba kitu cha kweli. Nimejizuia kukuambia kwa sababu sijui kama kitakusaidia au kitakuumiza. Lakini ndicho pekee nilichonacho.

Ule mwezi wa saba, siku moja wewe ulikuwa umekwenda malishoni. Mimi na Nigah tulikuwa juu ya jukwaa. Alikuwa na kile kitambaa cha vyombo. Akaniambia, "Nishikie mguu, nafuta." Nikamuuliza anafuta nini, mbona limeandikwa vizuri? Akasema, "Limeshaniingia. Neno likishaniingia, kule juu linakuwa uchafu tu." Akalifuta, akachukua masizi ya jikoni kwa kiganja, akapaka pale pale ili mahali pawe peusi tena. Kisha likafuata jingine. Tulipokuwa bwenini, shuleni Gulmit, alikuwa akifanya hivyohivyo kwenye ukuta wa chumba chetu, msimamizi akawa analalamika kuhusu chokaa. Alisema ifikapo siku ya mtihani boriti zote zitakuwa nyeusi, na hapo ndipo atajua yuko tayari.

Moshi haukuyala, Mama Nigah. Yeye ndiye aliyekuwa akiyafuta.

Kwa hiyo yale machache yaliyobaki mwezi wa kumi, yale uliyoyalinda kwa kupikia zizini, ni yale yaliyokuwa bado yanamshinda. Yaliyokuwa yake hayakuwa kule juu.

Sikumbuki hata moja kati ya tuliyoyasoma. Nakumbuka mguu wake mkononi mwangu, ulikuwa na soksi ya kijani iliyotoboka kisiginoni, na alikuwa akinisema nisimtekenye.

Joto la hapa limepungua kidogo.

Mwanao,
Mehrangiz


Kishmand, Gojal
8 Machi 1998

Mwanangu Mehrangiz,

Ya Ali Madad. Nimechelewa kukujibu, na barabara haikuwa sababu. Barua yako ilipofika niliisoma nikiwa zizini, nimesimama, sufuria iko motoni. Nilipomaliza nilinyanyua sufuria ile ile, nikaingia nayo ndani, nikawasha jiko. La kulinda halikuwapo tangu yafutwe, lakini nilikuwa bado sijathubutu kuliwasha. Moshi ukapanda kama haujawahi kukatazwa. Haukupita muda Sanam akawa mlangoni, hata viatu hajavaa sawasawa, anasema ameona moshi akadhani nyumba inaungua. Nikamwambia hapana, ninapika. Akasimama pale. "Unapika nini?" Nikamwambia supu. "Ina chumvi?" Nikasema ionje. Akaionja, akasema haina chumvi, akaenda kwake kuleta. Mambo yetu yameishia hapo, hatukuzungumza zaidi.

Soksi ile ya kijani naijua. Niliifuma mimi.

Majira haya yote ya baridi nimekaa ndani, karibu na moto, na boriti zimerudi kuwa nyeusi, nyeusi kama alivyotaka ziwe siku ya mtihani. Nami nimekuwa nikifikiria ulichoniandikia. Nililia mwaka mzima kwa ajili ya maneno yaliyomshinda mwanangu. Nilidhani nimepotelewa na akili yake, kumbe nimepotelewa na matatizo yake ya wiki ile, ambayo yeye mwenyewe angeyafuta kabla theluji haijaanguka. Nilimkasirikia mama yako kwa jambo ambalo Nigah angelifanya kwa kitambaa cha vyombo huku akiimba. Ungedhani kulijua hilo kungenipa nafuu. Nilingoja nafuu hiyo, haikuja.

Maana yake, Mehrangiz, ni kwamba aliyoyajua hakuyaacha popote isipokuwa kwangu. Neno lilipomwingia alikuwa akinigeukia mimi kule chini ananiambia. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijipima. "Mama, himaya ni nini? Nasaba ni nini? Mama, sikiliza hili." Yote alinipa, kwa sauti, jioni baada ya jioni, tangu theluji ilipoyeyuka mpaka mavuno. Mimi nilikuwa nakanda mkate. Nilikuwa nikisema "ee" na "hee" na "sijui". Nilipenda kusema sijui, kwa sababu alikuwa akikasirika vizuri, anapiga mguu jukwaani, vumbi linadondoka kwenye unga. Sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa nasikiliza kwamba yeye yupo.

Sasa nakaa hapa na kuyatafuta. Nayaita moja moja, kwa majina uliyoniandikia wewe, maana hata majina mengi nayajua kutoka kwako. Nakaa mahali pale pale, na unga mikononi, nadhani labda mikono itakumbuka. Lile la mbuzi na zizi linakuja, hilo halijaniacha. Mengine hayaji. Kuna siku nilikaribia. Nilisikia mwanzo wa sentensi, sauti yake ikipanda kama alivyokuwa akipandisha sauti akiwa na uhakika, nikaacha kukanda, nikazuia pumzi. Basi likapita barabarani likapiga honi.

Leo ilikuwa siku ya kutoa masizi. Wanawake walisimama nje, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mama yako alikuwa ameficha fagio nyuma yake, fagio lenye mti mrefu kuliko yeye, linaonekana juu ya kichwa chake kama pembe. Akasema, "Zaiba, sisi tunapita tu."

Nikamwambia, "Mnapita na fagio?"

"Nalitembeza. Limekaa ndani muda mrefu."

"Ingia ufagie, Sanam."

Hakuingia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo, "Kuna kitu kule juu? Niambie kweli. Kama kipo nitakizunguka, nitafagia kwa kidole pembeni yake."

Nikamwambia hakuna kitu. Akaangalia boriti moja baada ya nyingine, akinyoosha kidole, "Na hapa? Na hapa?" kama anayeuliza njia. Nikajibu hakuna, hakuna, mpaka tukafika kwenye nguzo ya jiko. Hapo niligusa kwanza ile nguzo kwa kiganja. Kisha nikasema hakuna, nikamshikilia jukwaa asianguke, kwa sababu ya goti lake.

Walipomaliza wakaniletea bakuli la unga, nianze mimi kuchora, kwa kuwa nyumba ni yangu. Nikachovya kidole. Nilisimama mbele ya mti safi, na wote wakakitazama kidole changu, nadhani walitegemea niandike jina lake. Nikachora pembe za mbuzi. Ndicho kitu cha mwanangu ninachokijua kwa hakika. Wakachora na wao, wakajipanga, nikawabariki.

Wameondoka. Nyumba ni safi na ina baridi. Nimeanza kukanda mkate wa kesho, na barua hii naiandika katikati, ndiyo maana karatasi ina alama za vidole, uniwie radhi. Pengine unajiuliza kama nakusikia vizuri kwenye barua zako. Nakusikia. Yeye pia namsikia. Namsikia kila jioni, kutoka juu, waziwazi kama ninavyosikia moto huu: "Mama, si nilikwambia jana!" Alichoniambia jana ndicho nisichokisikia.

Soma vizuri. Siku moja mtu atabebwa kitandani mpaka kwenye mawe, na wewe uwe upande huu.

Mama Nigah